Hongo ya Kiungio cha Shaba

Jana asubuhi treni ya kutoka Dodoma ilichelewa kama ilivyo desturi yake, na kwa mara ya kwanza maishani sikuilalamikia. Nilikaa kwenye benchi la stesheni ya Tabora na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani, nikawa nasema moyoni, chelewa tu, mradi ufike naye. Tangu Mzee Ndahani alipopelekwa Dodoma kupasuliwa tumbo, simu yake ilikuwa imezimwa, ya binti yake inaita bila kupokelewa, na sisi wa karakana tulikuwa tumefikia mahali pa kutolitaja kabisa jina lake, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kulitanguliza neno marehemu. Mimi nilikuwa na woga wangu wa ziada. Mzee Ndahani ni Mgogo na mimi ni Mnyamwezi, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Akifa mtani wako, ni wewe utakayelala barabarani kulizuia jeneza, uvae kofia yake, uige mwendo wake na kikohozi chake mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Nilijaribu kujiandaa. Nikasimama mbele ya kioo cha kabati nililokuwa nalipaka rangi, nikakohoa kama yeye, na kikohozi kikageuka kilio. Kisha juzi jioni binti yake akapiga. "Dada Kalunde, baba anasema andaa kichwa, mzigo unakuja." Nilikaa chini palepale kwenye vumbi la mbao, nikacheka peke yangu kama niliyerogwa.

Ili ujue kwa nini salamu ile ilinikalisha chini, inabidi nikurudishe kwenye mwaka wa tangi, nilipokuwa sijafika hata miaka ishirini. Wakati huo tulipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Bibi Mwamvua, mtaa wa Gongoni. Mimi na Rajabu tulikiita karakana, ingawa kilikuwa chumba cha kulala kilichotolewa kitanda. Rajabu alikuwa fundi wa kuchomelea, akitengeneza madirisha na vitanda vya chuma nje kibarazani. Mimi nilikuwa napaka rangi na vanishi ndani. Kati yetu na sebule ya Bibi Mwamvua palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na ukuta ule haukuzuia kitu. Kahawa yake yenye tangawizi ilikuja kwetu, harufu ya tina yetu ya kuzimulia rangi ikaenda kwake, na tukawa tunajua habari za posa zote za mtaa kabla ya wahusika wenyewe. "Rangi yenu itanilevya nikose swala," alikuwa akisema huku akigonga ukuta. Nami nikijibu, "Na mandazi yako, bibi, yatatukosesha kazi." Hapo mlango wa uani ulifunguka na sahani ikaja.

Shule nilikomea kidato cha pili, lakini rangi nilikuwa naiona. Nilikuwa nimeona kabati moja tu maishani lililopulizwa rangi kwa mashine, limeshushwa kwenye lori pale sokoni, na nililizunguka mpaka mwenyewe akaniuliza kama nimelipoteza. Hakuna hata unyoya mmoja wa brashi. Uso wake ulitulia kama maji ya mtungini. Tangu siku hiyo niliota duka lenye bunduki ya kupulizia rangi na jina langu juu ya mlango. Herufi nilikuwa nimeshazichagua. Kompresa ya dukani, mashine ya kusukuma upepo wa bunduki hiyo, tuliitazama kama watu wanavyoitazama ndege ikipita. Basi Rajabu akasema tutaiunda wenyewe. Alitoa mota ya friji bovu ili isukume upepo, na kwa tangi la kuuhifadhi tukapata mtungi wa upepo wa breki wa lori lililokufia barabara ya Urambo, ule wanaouning'iniza chini ya bodi. Ulikuwa mzima, mnene, mzito, na kila tulipougonga uliitika kama kengele ya kanisa. Niliupenda mtungi ule. Niliupiga msasa nikaupaka bluu kabla hata hatujajua utaunganishwaje.

Shida ilikuwa mdomoni. Matundu ya mtungi yalichongwa kwa vipimo vya watengeneza malori, na madukani kwetu kuna viungio vya mabomba ya maji tu. Tulinunua kiungio cha shaba cha nusu inchi chenye koki mbele yake, tukakiingiza. Kiliingia kikacheza kidogo, kama mguu ndani ya kiatu cha kaka. Rajabu akakizungushia utepe mweupe wa mafundi bomba, bado kikacheza kuliko tulivyopenda. Tukaongeza nyuzi za katani na rangi nzito kama wanavyofanya wazee wa mabomba, tukashika spana wote wawili, tukakaza. Kilizunguka, kikagoma. Hakikwenda mbele wala nyuma. Rajabu akajipangusa jasho akasema, "Umeona? Kimeshika hicho." Nami nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Kugoma tulikuita kushika.

Sasa Mzee Ndahani. Alikuwa amestaafu reli, ambako maisha yake yote alitengeneza breki za mabehewa, na badala ya kurudi kwao aliweka benchi lake la mbao kwenye kibaraza jirani, akawa anatengeneza baiskeli na pampu za mkono. Kila mchana alikuja kwetu na bakuli lake la mlenda, akaketi kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akala huku akitukagua. Kwetu Tabora hatusahau kwamba babu zetu walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani, na njia ilipita Ugogoni, kwenye jua na ukame, ambako wenyeji waliwatoza ushuru wa kupita na wa maji. Ndipo utani ulipoanzia, na Mzee Ndahani aliutunza kama watu wanavyotunza shamba.

"Mbukwa, mpagazi!" alinisalimu Kigogo kila siku.

"Mbukwa mwenyewe, ombaomba. Shikamoo."

"Marahaba. Leo mnajenga nini, jeneza la chuma?"

"La kwako hilo, mtani. Tunangoja tu tukupime urefu."

"Mimi nataka la mninga. Hilo fupi. Hilo linawatosha Wanyamwezi wawili wakikunjwa vizuri."

Tulicheka mpaka Rajabu, ambaye ni mtu wa mjini na hana upande katika vita hivyo, akaangusha spana. Siku ya pili mzee aliinama akakitazama kiungio kwa muda, kijiko kikiwa mdomoni. "Hii ni ndoa ya kulazimishwa," akasema. "Bibi harusi atatoroka, tena atavunja mlango." Tukacheka tena. Siku iliyofuata akauliza ubwabwa wa arobaini yetu utapikwa kwa kuku au kwa ng'ombe, maana yeye kuku humsumbua meno. Nikamjibu kwamba Mgogo hachagui msiba. Nikijikumbuka leo nikicheka vile, mkono kiunoni, brashi sikioni, mgongo umeuegemea mtungi ule wa bluu, natamani niingie ndani ya picha nimvute yule msichana kwa sikio. Kila alichokisema kilikuwa kweli tupu. Lakini mtani kwetu ni mtu ambaye ukweli wake umevaa nguo za mzaha tangu mababu, na sisi tulizitazama nguo tu.

Kazi ya kwanza ya mashine ile ilikuwa kitanda na meza ya kioo vya Asha, mjukuu wa Bibi Mwamvua, aliyekuwa anaolewa Ijumaa. Nilimwahidi mwenyewe kitanda kisicho na alama ya brashi. Ile siku ya kujaza upepo umeme ulikatika asubuhi. Bibi Mwamvua akatuita uani tule, ugali kwa maharage ya nazi na mchicha, na wanawake waliokuja kuchambua mchele wa harusi walituzunguka wakibishana juu ya nani atamfunda bibi harusi. "Si wewe," mmoja alisema, "wewe mumeo anapika mwenyewe." Tulikawia kwa vicheko. Tuliporudi chumbani umeme ulikuwa umesharudi, taa ya juu inawaka, na mdomo wa mtungi uko wazi. Kiungio na koki yake havipo.

Mzee Ndahani alikuwa kwenye benchi lake, amekiweka mbele yake juu ya kitambaa, anakinywea chai.

"Hongo," alisema. Si hii ya kupitishwa chini ya meza. Alimaanisha ile ya zamani, ushuru wa njia. "Babu zako walipita kwetu wakanywa maji, wakaondoka usiku. Nimengoja miaka mingi. Leo natoza."

Desturi iko wazi. Mtani akichukua kitu chako unamtukana kwa mzaha, mnacheka, unakikomboa kwa kitu kingine au unakiacha kiende. Kukasirika hakumo. Mwenye kukasirikia mtani hutozwa faini, tena mbele za watu. Lakini Ijumaa ilikuwa mlangoni na Asha alishapita mara kadhaa kuchungulia. Nikasema, "Nirudishie, mzee."

Sikusema mtani. Nilisema mzee, kwa sauti kavu, na kibaraza kizima kiligeuka kunitazama, hata aliyekuwa anajaziwa baiskeli upepo. Rajabu alinifinya mkono. Mzee Ndahani hakucheka. Aliuliza polepole, "Umekasirika?" Nikageuka, nikaenda dukani kununua kiungio kingine.

Duka lilikuwa limefungwa, mwenyewe yuko msikitini. Nilirudi kwa mlango wa uani, nimeinamisha uso ili wale wanawake wasiniulize, nikaingia karakana kimya nikakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Ndipo nilipowasikia upande wa pili. Kikombe kiliwekwa kwenye sahani yake. Kisha sauti niliyoijua na sikuijua, kwa sababu haikuwa na mzaha hata punje.

"Pale stesheni ya Tura, Bi Mwamvua, nikiwa kijana. Mwenzangu alikuwa ameinama kwenye tangi la upepo la behewa. Kizibo kilikuwa si chake, kililazimishwa. Kikachomoka, kikampitia hapa." Sikuona alishika wapi. "Alikuwa anapiga mluzi. Ule mluzi mpaka leo haujamalizika."

"Yallah. Basi kwa nini huwaambii watoto hawa?"

"Nawaambia kila siku! Nikisema wanacheka. Nimetaniana na yule binti mpaka ulimi wangu hauna neno ambalo atalisadiki."

"Mwite kwa jina lake, mwambie."

"Jina lake sijawahi kulitumia. Nikimwita Kalunde atadhani ni tusi jipya."

Bibi Mwamvua alicheka kidogo, kisha akaacha. Mzee akaendelea, "Nimeona heri nikiibe. Akinichukia, atanichukia akiwa mzima."

Sijui nilikaa pale muda gani. Nakumbuka nilikuwa nautazama mtungi, rangi yangu ya bluu, na nafasi ya sakafu mbele ya mdomo wake, mahali hasa nilipokuwa nimepanga kusimama na bunduki ya rangi. Nilikuwa nimeweka na kigunia nisichoke miguu. Nikainuka, nikazunguka, nikaingia sebuleni bila hodi. "Shikamoo, Mzee Ndahani," nilisema, na safari hii mzee lilikuwa la heshima. Alinitazama, akautazama ukuta wa mbao, akaelewa.

"Kalunde," akasema. Likasikika kama jina la mtu mkubwa. "Lete maji."

Tulijaza mtungi maji mpaka yakamwagika, Rajabu akitoa ndoo kisimani na wale wanawake wakisimama na nyungo zao kutazama. Mzee alituamuru tukirudishe kiungio kwa mikono yetu wenyewe, kwa utepe na katani yetu na spana zetu, mpaka kikagoma kama mara ya kwanza. "Sitaki mseme nimekilegeza," alisema. Tukaugeuza mdomo wa mtungi uelekee bafu la bati la uani, ambamo hamkuwa na mtu, naye akaunganisha kwenye tundu la pili pampu yake ndogo ya mkono aliyokuwa akipimia mabomba ya breki, pamoja na geji, ile saa inayoonyesha nguvu ndani. "Upepo ukiubana unajikunja kama chui," alituambia, "ukipata tundu unaruka na kila kitu. Maji hayajikunji. Yakitoka, yanachoka palepale. Kwa hiyo tunauliza kwa maji kwanza. Jibu ni lilelile, ila hamfi." Akatusogeza wote nyuma ya pembe ya nyumba, akaanza kusukuma.

Nilichungulia nikaona mshale wa geji umepanda kidogo. Tone likaonekana kwenye katani. Ukapanda tena, na ulikuwa bado mbali na pale tulipokusudia kuufikisha kwa upepo, nami nikaanza kupata tumaini la kijinga kwamba huenda tulikuwa sahihi. Ndipo kikasema puh! Si mlio mkubwa. Kiungio kilitoka kizima na koki yake, kikalipiga bati la bafu likabonyea kama limepigwa nyundo, maji yakaruka yakatulowesha mpaka sisi wa nyuma ya pembe, na kuku wote wa jirani wakaenda zao.

Rajabu alikaa chini kwenye tope. Mimi nilijikuta nimeshika koo langu kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi," alisema Bibi Mwamvua. Akashusha pumzi, akaongeza, "Na bati langu?"

Hapo ndipo kicheko kilipotoka. Sijawahi kucheka vile, na natumaini sitahitaji kucheka vile tena. Tulicheka tukishikana nguo, maji yakitiririka kwenye nyusi, wanawake wanapiga vigelegele kama bibi harusi ameshaingia, Rajabu anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikawa najipapasa mabega, mikono, masikio, nahesabu mali yangu nimeikuta yote. Mzee Ndahani alikwenda akakiokota kiungio, akakipangusa kwa shati lake, akatuonyesha. Meno ya shaba yalikuwa yamenyolewa ncha. "Mtungi una meno yake, hiki kina yake. Yalikuwa yanagusana ncha tu, kama watu wanaosalimiana kwa vidole. Kukaza kwenu kulikuwa kuyasaga. Kiungio halali huingia kwa mkono mtupu, mizunguko yote, spana inakuja mwisho kukiambia kwaheri."

Kitanda cha Asha nilikipaka kwa brashi, taratibu, nikiwa na furaha ambayo hakuna mashine ingenipa. Alama za brashi zilikuwepo. Bibi harusi hakuziona wala hajaziona mpaka leo, na watoto wake wamezaliwa wakalala juu yake. Baada ya harusi, mzee alipata boliti ya lori lililofanana na lile, iliyoingia kwenye mdomo wa mtungi bila kulazimishwa, akanipeleka nayo kwa fundi wa kukereza vyuma nyuma ya soko. Huyo alitukerezea kipande cha shaba ngumu, upande mmoja meno ya lori, upande wa pili meno ya bomba. Nilikiingiza kwa vidole mwenyewe. Kikaenda, kikaenda, kimya, kama mtu anayerudi kwake. Tukafunga na valvu ya kupunguza upepo ukizidi, tukauliza tena kwa maji, mzee akasukuma mshale kupita mahali tutakapopahitaji na kuendelea, na katani ikabaki kavu. Kitu cha kwanza nilichokipulizia rangi maishani kilikuwa benchi lake. Ndiyo faini niliyotozwa kwa kukasirika, na watu walikuja kuishuhudia. Alichagua nyekundu. Halikuwa na hata unyoya mmoja wa brashi, nami nilizunguka benchi lile kama nilivyolizunguka lile kabati la sokoni.

Kiungio cha zamani hakukirudisha. Alikitia kwenye pete ya funguo zake na kila nilipokiomba alisema hongo hairudi. Lakini tulitoka na sheria moja mwaka ule, na karakana yangu inaifuata hadi leo, ingawa sasa tuna chumba kikubwa na herufi zangu ziko juu ya mlango. Hapa kwetu tunataniana kuanzia asubuhi. Kila mtu ana jina la utani, mpaka mteja hushangaa tunavyotukanana. Mtu akiitwa kwa jina lake halisi, anaacha alichoshika, anasimama, anasikiliza. Mzaha una njia yake na jina lina njia yake.

Basi treni iliingia. Niliwaona wanajeshi, akina mama na matenga yao, mtu na godoro, kisha binti yake akashuka kinyumenyume amemshika baba yake mkono. Mzee alikuwa amekonda mpaka koti limebaki lenyewe. Lakini funguo zilikuwa zikining'inia mkandani, na kati yake niliiona shaba yangu, imeng'arishwa na mifuko ya miaka.

"Mbukwa, ombaomba," nilisema. "Shikamoo."

"Marahaba, mpagazi. Umenenepa. Mmeshakula ubwabwa wangu nini?"

"Tuliupika ukaungua. Ikabidi urudi."

Maisha yangu yote sijawahi kumbebea kitu mzee huyu. Ilikuwa mwiko wa utani wetu, asije akapata la kusema juu ya babu zangu. Jana nilitoa kanga, nikaiviringa kuwa kata ya kichwani, nikaliinua begi lake nikalitwika kichwani mbele ya stesheni nzima. Alicheka huku ameshika tumbo lake lenye mshono, binti yake akimkemea asicheke. Tukaanza kutembea kuelekea kwenye bajaji, mimi mbele, wao nyuma polepole.

"Kalunde," akaita.

Nilisimama palepale, mzigo kichwani. Sheria ni sheria. Nikawaza madaktari wamemwambia nini kule.

"Kule nilidhani benchi langu sitaliona tena," alisema. Kisha akaongeza kwa Kinyamwezi, lugha ambayo miaka yote alikuwa akiitumia kunitukana tu: "Wabeja." Asante.

Nikaliweka begi sawa juu ya kata. Nikasikia funguo zikicheza mkandani mwake alipoinua mkono kunipungia niendelee.

"Haya, pita," alisema. "Leo sitozi."